Gorogoro na Mfuko wa Mbolea: Sera za Uchumi Zinapofika Mumbuni

Mumbuni, pembeni mwa mji wa Machakos, pakiti ya unga ya kilo mbili ikipanda bei mama hurudi kwenye gorogoro, kopo la kupimia nafaka. Hupimiwa mahindi nusu ya kopo hilo, akayapeleka kwenye mashine ya kusaga, naye mwenye mashine amekwisha kuongeza ada kwa sababu ya bili ya stima. Hesabu ya uchumi ya serikali yapasa kupimwa hapo kwanza.

Akiapishwa tarehe 13 Septemba 2022, Rais William Ruto alitangaza kwamba serikali yake itaachana na ruzuku ya ulaji. Ya mafuta, alisema, ilikuwa imemeza shilingi bilioni 144, na ya unga bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila manufaa. Kuanzia hapo fedha zingeelekezwa kwenye uzalishaji. Siku iliyofuata petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita.

Hoja ya serikali si ya kudharauliwa. Deni la taifa lilikuwa limelemea, na ruzuku ya petroli humfaa zaidi mwenye gari kubwa kuliko apandaye bodaboda. Nchi haiwezi kukopa kila mwezi ili kituo cha mafuta kionekane nafuu. Wakosoaji wanaolipita jambo hili hawawatendei wananchi haki.

Kosa liko kwenye mpaka uliochorwa kati ya mzalishaji na mlaji. Mumbuni mpaka huo haupo. Mkulima mwenye matuta machache ya mahindi na kunde huvuna akiba ya miezi michache, na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, ukiisha ghalani yeye mwenyewe yuko dukani kama mtu wa mjini. Serikali ilimpa mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500 hivi, nafuu ya kweli kwa mwenye mvua. Lakini Ukambani, eneo lenye Machakos ndani yake, ilikuwa imekumbwa na ukame kwa misimu kadhaa, na vuli ya 2022, mvua ambayo Wakamba huitegemea zaidi, ikawa haba tena katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Mbolea haifai kitu bila maji. Ruzuku ya mfuko iliwafikia wenye bahati ya mvua. Kuondolewa kwa ruzuku ya unga kukamfikia kila mwenye tumbo.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilizidisha uzito: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba petroli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 211.64. Ongezeko hilo la bei husafiri ndani ya nyanya na sukuma wiki, kwa hiyo mama mboga hulipa akinunua sokoni na hukosa mteja akiuza. Mkopo wa Hazina ya Hasla (Hustler Fund), mfuko wa serikali wa mikopo midogo, unaoanzia shilingi 500 na kurudishwa ndani ya siku 14, hauwezi kuziba pengo la aina hiyo. Sera hii yote ni uhafidhina wa kale wa hazina ya serikali, bana matumizi na panua kodi, uliovishwa kaulimbiu ya Ruto ya kuanzia chini kwenda juu.

Machakos ina kumbukumbu ya serikali iliyopiga hesabu sahihi kwenye karatasi. Mwaka 1938 wakoloni walisema mifugo imezidi uwezo wa ardhi, na mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Wakawanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwauza ng'ombe hao kwa bei duni, wakati kiwanda cha nyama cha Athi River kikihitaji mifugo. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ni nini kwa nyumba inayongoja mvua. Kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu kwenda Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma. Alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa.

Ruto naye alirudi nyuma: tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha kuingia Bungeni na wengine kupigwa risasi, alikataa kuutia sahihi. Unga ulikuwa umeshuka bei kufikia hapo, baada ya mvua kurudi.