Kutoka Kitabu cha MTUHA hadi Kiolezo cha Kompyuta: Historia ya Kusasisha na Kupima Programu za Ripoti za Afya, kwa Kuangalia Buguruni

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa historia ya afya ya jamii anayetaka kuandika kuhusu Buguruni katika miongo mitatu iliyopita atategemea, kwa sehemu kubwa, ripoti zilizotokana na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA. Ripoti hizo zina majedwali, jumla na asilimia, na kwa mwonekano wake humshawishi msomaji kwamba mwaka mmoja unaweza kulinganishwa na mwingine bila shida. Makala haya yanadai kwamba ulinganisho huo hauwezi kuaminiwa mpaka ijulikane ripoti ilitengenezwa na toleo gani la programu, kwa kiolezo gani, na kama toleo hilo lilipimwa kabla ya kuanza kutumika. Kwa maneno mengine, kusasisha programu inayopanga ripoti ni tukio la kihistoria, kwa kuwa hubadili ushahidi ambao vizazi vijavyo vitausoma.

2.0 Karatasi kabla ya Kompyuta

MTUHA ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kuziweka pamoja taarifa ambazo hapo awali zilikusanywa na kila mpango wa afya kivyake. Msingi wake ulikuwa vitabu vilivyopewa namba. Katika mfumo uliohuishwa, Kitabu cha 5 ni rejesta ya wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 12 ni cha wazazi waliojifungua, na cha 14 ni cha wagonjwa waliolazwa. Mhudumu huandika mstari mmoja kwa kila mtu, kisha huhesabu kwa karatasi za tali, na jumla huhamishiwa kwenye fomu ya ripoti inayopelekwa halmashauri.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hatua hii fomu yenyewe ndiyo ilikuwa programu. Ilielekeza nini kihesabiwe, kwa makundi gani ya umri, na kwa mpangilio upi. Fomu ilipobadilika, historia nayo ilikatika. Chanjo ni mfano mzuri. Mwaka 2002 chanjo ya homa ya ini aina ya B iliunganishwa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga ya Hib, na chanjo ikajulikana kama Penta. Mtoto aliyekamilisha dozi ya tatu aliandikwa chini ya kichwa tofauti kabla na baada ya mwaka huo. Hata hivyo, badiliko la karatasi huacha alama: fomu ya zamani hubaki kabatini, na msomaji huweza kuiweka kando ya mpya akaona tofauti kwa macho.

3.0 Kuingia kwa DHIS2 na Maktaba za Ripoti

Chimbuko la mfumo wa kompyuta unaotumika sasa ni Afrika Kusini, ambako mradi wa HISP ulianza mwaka 1994 kwa ushirikiano wa watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa. Toleo la kwanza, DHIS, lilijengwa juu ya Microsoft Access, na ripoti zake zilichambuliwa kwa Excel. Mwaka 2004 kazi ya kuandika upya mfumo huo kwa lugha ya Java, kama programu huria, ilianza Oslo, ndiyo DHIS2. Kerala, India, iliutumia kuanzia mwaka 2006. Kenya iliusimika kitaifa kwa njia ya intaneti mwaka 2011, na Tanzania Bara ikaueneza nchi nzima pamoja na MTUHA uliohuishwa, kazi iliyofikia mikoa yote mwaka 2013, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshiriki mkuu wa kiufundi.

DHIS2 haikuandika kila kitu upya. Kwa ripoti rasmi za kuchapishwa ilitumia JasperReports, maktaba iliyoanzishwa na Teodor Danciu mwaka 2001. Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, ambao programu nyingine huuazima. Mtengenezaji wa ripoti huandaa kiolezo kinachoeleza wapi kichwa kikae, safu iwe na upana gani, na takwimu zichotwe wapi katika hifadhidata. Maktaba hujaza kiolezo hicho na kutoa PDF. Maktaba hiyo nayo iliazima nyingine, iText, kwa kazi ya kuandika PDF. Mwaka 2009 iText ilipobadili leseni yake kuanzia toleo la 5, JasperReports ilibaki na toleo la 2.1.7 na kulirekebisha yenyewe. Hivyo uamuzi wa kisheria uliofanywa mbali na Dar es Salaam uliamua ni programu gani ingechapa ripoti za wilaya zake.

4.0 Mambo Matatu Yanayobadilika Kimya

Kwanza ni vichwa vya safu. Ripoti ya wajawazito hutenganisha waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba ya chini ya wiki 12 na waliohudhuria wakiwa na wiki 12 au zaidi. Kwa Kiswahili vichwa hivi ni virefu, na hutofautiana mwishoni tu. Katika JasperReports, kisanduku ambacho hakikuruhusiwa kurefuka hukata maneno yasiyotosha. Fonti ikibadilishwa wakati wa kusasisha na maneno yakaongezeka upana kidogo, safu mbili zenye maana zinazopingana zinaweza kuchapishwa zikiwa na kichwa kilekile. Hakuna tarakimu iliyobadilika, lakini maana imepotea.

Pili ni nafasi tupu. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa msimamizi ameagiza hivyo kwa kipengele husika cha takwimu. Kwa hiyo kituo kilichoandika vifo 0 vya uzazi na kituo ambacho hakikuandika chochote vinaweza kufanana ndani ya hifadhidata. Kiolezo ndicho huamua ukosefu huo uonekane vipi: kama neno la kiufundi lisiloeleweka, kama nafasi tupu, au kama sifuri iliyotiwa na mtengenezaji kwa nia njema. Uamuzi huo wa mwisho ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ukimya hugeuzwa ushahidi kwamba hakuna mama aliyefariki.

Tatu ni jina la eneo. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na Ilala, ambamo Buguruni imo, ilikuwa na watu 1,220,611. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo, mgonjwa wa Buguruni huhesabiwa chini ya jina ambalo awali lilimaanisha eneo kubwa zaidi. Kiolezo kinachotafuta halmashauri kwa jina badala ya namba yake ya utambulisho kinaweza kukosa takwimu, au kugawa idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watu isiyo yao. Kiwango cha chanjo kitapanda au kushuka pasipo sindano hata moja kuongezeka wala kupungua.

5.0 Upimaji kama Uhakiki wa Chanzo

Inaweza kupingwa kwamba takwimu ghafi zimo salama katika hifadhidata, hivyo kasoro ya mpangilio ni ya juujuu. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Mganga mkuu wa halmashauri hagawi dawa wala wahudumu kwa kusoma hifadhidata, husoma ripoti. Tena hifadhidata yenyewe haitulii. Kufikia toleo la 2.34 la DHIS2, mwaka 2020, majedwali ya ripoti na chati viliunganishwa kuwa kitu kimoja, na ulizo la zamani lililoandikwa kutegemea muundo wa awali halina uhakika wa kufanya kazi. Toleo la 7 la JasperReports, la mwaka 2024, halisomi violezo vya awali mpaka vibadilishwe kwanza.

Upimaji unaofaa, basi, unafanana na uhakiki wa chanzo anaoufanya mwanahistoria. Hatua ya kwanza ni kutoa ripoti ileile ya mwezi uleule kwa toleo la zamani na jipya, kisha kulinganisha kisanduku kwa kisanduku, vichwa vikiwemo. Hatua ya pili ni kuandaa kituo cha majaribio chenye hali ngumu kwa makusudi: sifuri halisi, mwezi usioripotiwa, jina refu na halmashauri iliyobadilishwa jina. Hatua ya tatu, ambayo kompyuta haiwezi kuifanya peke yake, ni kurudi kwenye rejesta ya karatasi na kuhesabu upya. Matoleo mawili ya programu yanaweza kukubaliana na yote mawili yakawa yamekosea. Kitabu kilichoandikwa mbele ya mgonjwa ndicho shahidi wa nje.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba karatasi ilibadilika hadharani, ilhali kiolezo cha kompyuta hubadilika bila kuacha nakala isipokuwa ihifadhiwe kwa makusudi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila ripoti ya MTUHA ichapishwe ikiwa na namba ya toleo la programu, namba ya kiolezo na tarehe ya kutolewa. Kwamba violezo vya zamani pamoja na matokeo ya majaribio yake vitunzwe kama nyaraka za umma. Na kwamba rejesta za vituo zisiteketezwe kwa hoja kwamba takwimu zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Bila hayo, mtafiti atakayekuta nafasi tupu kwenye safu ya vifo vya uzazi Buguruni hatakuwa na namna ya kujua kama mwezi huo akina mama wote walinusurika, au kuna aliyefariki pasipo kuhesabiwa.