Ugumu wa kufikiri na kukumbuka katika sklerosisi nyingi

Sklerosisi nyingi, ambayo madaktari huifupisha MS, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Ala hiyo ikiharibika, taarifa husafiri polepole au hupotea njiani. Duniani wapo watu wapatao milioni 2.9 wenye ugonjwa huu, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40. Kwa makadirio ya watafiti wengi, 40 hadi 65 kwa mia kati yao hupata shida ya kufikiri na kukumbuka, nyepesi au nzito.

Shida hii ilijulikana mapema. Jean-Martin Charcot wa Hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, alitaja kumbukumbu kudhoofika na mawazo kujengeka polepole. Hata hivyo, kwa muda mrefu waganga walishughulikia zaidi miguu, macho na kibofu. Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake nchini Marekani walipima wagonjwa 100 waliokuwa wakiishi makwao, wakakadiria kwamba takriban 43 kwa mia wana upungufu. Ukali wa ulemavu wa mwili hautabiri vizuri hali ya akili: anayetembea bila mkongojo anaweza kushindwa kufuata kikao cha nusu saa. Hapo ndipo dhuluma huanzia, kwa kuwa aonekanaye mzima huitwa mvivu au asiyejali.

Kinachoguswa kwanza mara nyingi ni kasi. Kipimo kinachotumika sana huonyesha jinsi inavyokuwa. Juu ya karatasi kuna alama tisa, kila moja na tarakimu yake, kuanzia 1 hadi 9. Chini yake zimepangwa safu za alama tupu. Mpimwaji hutaja au huandika tarakimu inayostahili kila alama kwa sekunde 90. Wengi wenye MS hujibu sawasawa, ila majibu yao huwa machache. Akili ipo, inahitaji muda. Kumbukumbu nayo hukwama zaidi wakati wa kuingiza jambo jipya. Lililokwisha kushikwa mara nyingi hubaki. Lugha na maarifa ya zamani kwa kawaida hudumu, ingawa neno linaweza kuchelewa kuja.

Kabla ya kutafuta mazoezi ya akili, yafaa kuondoa yanayoongeza mzigo: uchovu, sonona, usingizi mbovu, maambukizi ya mkojo, na baadhi ya dawa za kibofu au za kulegeza misuli. Joto pia hupunguza uwezo kwa muda, hali iliyopewa jina la Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani aliyeieleza mwaka 1890. Kwa mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam, hesabu za duka na barua ngumu zifanywe alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Baada ya hapo mazingira hupangwa upya. Jambo moja kwa wakati mmoja: redio izimwe wakati wa kupika, na simu ikilia chungu kikiwa motoni, iachwe. Funguo na dawa ziwe na mahali pake pasipobadilika. Kengele ya simu ikumbushe saa ya kumeza. Maagizo ya kazini yaandikwe badala ya kutamkwa njiani. Wapo wanaoamini kwamba kuandika kila kitu huilegeza kumbukumbu. Imani hiyo huwanyima wagonjwa msaada mkubwa kuliko mwingine wowote walio nao nyumbani.

Kumbukumbu inaweza pia kufunzwa. Nancy Chiaravalloti na John DeLuca, watafiti wa New Jersey, walijaribu mbinu ya kusuka yanayopaswa kukumbukwa katika hadithi yenye picha, kwa vipindi 10 ndani ya wiki 5. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliofunzwa walijifunza mambo mapya vizuri zaidi. Kwa hiyo anayetumwa vitunguu, sabuni, mshumaa na kanga amwone moyoni bibi aliyejitanda kanga, akimenya vitunguu kwa mwanga wa mshumaa, kisha akinawa kwa sabuni. Dawa hazijafikia hapo: donepezili, inayotumika kwa ugonjwa wa Alzheimer, haikuwasaidia wenye MS katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011. Dawa za kuzuia MS isiendelee zina thamani yake, kwani hupunguza makovu mapya katika ubongo.

Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walipendekeza kila mgonjwa apimwe akili mara ugonjwa unapogundulika, kisha kila mwaka. Pasipo na mtaalamu wa kupima, ndugu wa karibu aandike mabadiliko anayoyaona pamoja na tarehe, na daftari hilo lipelekwe kliniki, maana mgonjwa mwenyewe huenda asiyaone yote au akayasahau mbele ya daktari. Akili ikizorota ghafla ndani ya siku chache, asingojee miadi: huenda ni shambulio jipya la ugonjwa, au maambukizi yanayotibika.