Ushahidi Upimwe: Kesi Mbili za Barabara ya Namanga

Historia ya adhabu ya kifo nchini Kenya husimuliwa kwa majina ya marais. Walionyongwa mwisho, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, walinyongwa Kamiti mwaka 1987 kwa uhaini. Mwai Kibaki akabadilisha hukumu za wafungwa takriban 4,000 mwaka 2009, na Uhuru Kenyatta za wengine 2,747 mwaka 2016. Simulizi hiyo inaruka swali linalotangulia kitanzi: nani aliupima ushahidi, na nani alimlazimisha kuupima? Kesi mbili, moja iliyoanzia Athi River barabara ya Namanga inapochepuka na nyingine iliyoamuliwa Kajiado mjini, zinanifanya niamini kwamba mara nyingi aliyelazimisha ni raia.

Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoka mahakama ya Mavoko na mteja wake, mwendeshaji bodaboda aliyemlalamikia afisa wa polisi kwa kumpiga risasi, pamoja na dereva wao wa teksi. Hawakufika nyumbani. Wakiwa wamezuiliwa katika kituo cha polisi wa utawala Syokimau, Kimani alirusha nje kipande cha karatasi ya chooni chenye ombi kwamba mkewe apigiwe simu. Aliyekiokota akapiga. Juma moja baadaye miili yao watatu ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Mawakili waligoma na kuandamana, na waendeshaji teksi na bodaboda wakajiunga nao, wakidai uchunguzi kamili. Ndipo karatasi ile, pamoja na rekodi za mawasiliano ya simu, ikawa sehemu ya ushahidi ambao Jaji Jessie Lesiit aliutegemea Julai 2022 kuwatia hatiani washtakiwa wanne. Februari 2023 mmoja wao, afisa wa polisi, alihukumiwa kifo. Karatasi nyepesi namna ile ingepotea kirahisi mno kama familia, mawakili na wananchi wangenyamaza.

Kuna wanaosema kelele za umma huweza kumnyonga asiye na hatia. Wana haki ya kuhofu. Agosti 2021, mjini Kitengela kwenye barabara hiyohiyo ya Namanga, umati uliwaua vijana wanne kwa kuwashuku wizi wa mifugo, bila kielelezo wala hakimu. Lakini umati ule haukudai ushahidi, uliukimbia. Anayedai risasi ilinganishwe na bunduki, au maiti ifanyiwe upasuaji na daktari huru, anakubali tangu mwanzo kwamba majibu huenda yakamwondolea lawama mtu anayemshuku. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwanahabari wa Pakistan Arshad Sharif, aliyepigwa risasi na polisi katika kaunti ya Kajiado Oktoba 2022. Polisi walisema walidhani gari lake ni lile lililoripotiwa kuibwa Nairobi. Mjane wake na vyama vya wanahabari wa Kenya hawakuridhika, wakaenda Mahakama Kuu ya Kajiado. Julai 2024 Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba mauaji yale yalikiuka sheria, akaagiza uchunguzi ukamilishwe na wahusika washtakiwe.

Wengine watauliza haraka ya nini, ilhali hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Anayekaa gerezani maisha yake yote kwa kosa la mwingine ameshapokonywa maisha. Tena uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017 uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba unahusu mauaji pekee. Wizi wa kimabavu, kosa ambalo watu hufungwa mara nyingi kwa utambuzi wa sura usiku, ukabaki nje. Ibara ya 50(6) ya Katiba humruhusu mfungwa aliyeshindwa katika rufaa kuomba kesi upya akipata ushahidi mpya na mzito. Ataupata wapi, ikiwa shati lenye damu lilishatupwa? Kimani alikuwa na chama cha mawakili nyuma yake, Sharif alikuwa na wanahabari. Mchungaji anayekamatwa Namanga hana chama. Anachohitaji ni sheria inayowalazimisha polisi na mahakama kutunza vielelezo muda wote anaotumikia kifungo, na kumpa haki ya kudai vipimwe na Mkemia wa Serikali bila kwanza kutafuta umati wa kuandamana kwa niaba yake.