Amplifaya za Daraja D: Kanuni Iliyosubiri Vifaa Vyake

Amplifaya, yaani kifaa kinachopokea ishara dhaifu ya sauti na kuiongezea nguvu ya kuendesha spika, huainishwa kwa madaraja yenye herufi kulingana na namna transista zake zinavyofanya kazi. Katika daraja A transista hupitisha mkondo wakati wote, hata pale muziki unaponyamaza, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto; katika daraja B transista mbili hugawana wimbi, moja ikishika nusu ya juu na nyingine nusu ya chini, na ingawa ufanisi wake wa kinadharia hufikia asilimia 78.5, makabidhiano baina ya nusu hizo huacha kasoro inayosikika. Daraja AB, lililotawala mifumo ya muziki ya nyumbani kwa miongo kadhaa, ni maafikiano kati ya hayo mawili.

Daraja D, ambalo herufi yake ilifuata tu mpangilio wa alfabeti wala haimaanishi dijitali, liliacha njia hiyo kabisa. Ndani yake ishara ya sauti hulinganishwa na wimbi la pembetatu lenye masafa ya juu mno, ambayo siku hizi huwa mamia ya kilohezi, na matokeo yake ni mfululizo wa mapigo ya umeme ambayo upana wake hupanuka na kusinyaa kufuata sauti. Transista huwashwa na kuzimwa kama swichi, na kwa kuwa iliyozimwa haipitishi mkondo, na iliyowashwa kikamilifu haizuii volti ila kidogo sana, umeme unaopotea ni haba na ufanisi huweza kupita asilimia 90. Kabla ya mapigo hayo kufika kwenye spika hupitia kichujio cha koili na kapasita, ambacho huondoa masafa ya uwashaji na kubakiza muziki.

Wazo hilo huhusishwa na Alec Reeves, mhandisi wa Uingereza aliyekuwa amekwisha kubuni njia ya kupitisha sauti kwa mapigo ya tarakimu katika miaka ya 1930, na ambaye katika miaka ya 1950 alipendekeza amplifaya ya namna hii. Bidhaa ya kwanza ya kibiashara ilitolewa mwaka 1964 na Sinclair Radionics, kampuni ya Clive Sinclair, ikiitwa X-10 na kuuzwa kama vipande vya kuunganishwa na mnunuzi. Jina lake liliahidi wati 10, lakini nguvu yake halisi ilikuwa takriban wati 2.5; X-20 iliyofuata mwaka 1966 nayo ilikwamishwa na transista za jerimaniamu (germanium), ambazo uwezo wake haukutosheleza kazi hiyo. Kanuni ilikuwa sahihi, ila transista ya wakati huo haikuweza kuzimika upesi kiasi kilichohitajika, na kila kuchelewa kuliharibu upana wa pigo, yaani kuliharibu sauti yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sony ilileta amplifaya ya TA-N88, iliyotumia aina mpya ya transista zenye kasi zaidi, na transista za MOSFET zilipoimarika katika miaka iliyofuata daraja D lilipata makao katika spika za besi, ambako masafa ni ya chini na makosa ya mapigo hayaonekani sana. Bado palikuwa na tatizo la kichujio: ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu, hubadilika kulingana na masafa ya sauti, na kwa kuwa kichujio hutegemea ukinzani huo, amplifaya ileile ilitoa sauti kali za juu kwa spika moja na sauti zilizofifia kwa nyingine.

Ufumbuzi ulikuja kwa mrejesho, yaani kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ilinganishwe na ile iliyoingia na makosa yasahihishwe. Huko Denmark utafiti wa Karsten Nielsen ulizaa kampuni ya ICEpower mwaka 1999, ikishirikiana na Bang & Olufsen; Bruno Putzeys, akiwa Philips, alibuni mfumo wa UcD unaochukua mrejesho baada ya kichujio badala ya kabla yake, kisha akauendeleza kuwa Ncore katika kampuni ya Hypex na baadaye Eigentakt katika kampuni ya Purifi. Wakati huohuo Tripath ya Marekani ilibana saketi karibu nzima ndani ya chipu moja, na mojawapo ya chipu zake, TA2024, ikaingia katika kisanduku cha plastiki cha kampuni ya Sonic Impact kilichoendeshwa kwa betri nane ndogo na kuuzwa kwa chini ya dola 40. Tripath ilifilisika mwaka 2007, lakini ilikuwa imekwisha kuwathibitishia wasikilizaji kwamba urahisi wa bei haukulazimu ubovu wa sauti.

Kwa hiyo anayechagua amplifaya ya daraja D leo hupaswa kuuliza maswali yaliyoachwa na historia hii. Wati zilizotangazwa zina maana pale tu zinapoambatana na idadi ya omu na kiwango cha upotoshaji, kwa kuwa tofauti kati ya tangazo na uwezo ilianza na X-10. Grafu ya masafa ipimwe kwa spika za omu 4 na za omu 8, kwani mistari inayoachana upande wa sauti za juu huonyesha kwamba mrejesho haukifikii kichujio. Na kisambaza umeme, ambacho katika bidhaa nyingi za bei nafuu huuzwa kando, kiwe na uwezo unaolingana na wati zinazodaiwa. Hoja ya zamani kwamba daraja hili halifai muziki makini ilitokana na udhaifu wa vifaa vya enzi yake, na kwa bidhaa inayojibu maswali hayo matatu vizuri, hoja hiyo haina tena msingi.