Ufukwe wa Waridi, Kisiwa cha Budelli

Ufukwe ulio mbele yenu ni Spiaggia Rosa, kaskazini mwa Sardinia, Italia. Wengi hudhani rangi yake ya waridi inatokana na matumbawe. Sivyo. Inatokana na Miniacina miniacea, kiumbe mdogo mwekundu anayeishi kwenye nyasi za baharini ziitwazo Posidonia. Akifa, mawimbi hukivunjavunja kigamba chake na kuvisukuma vipande ufukweni, vikachanganyika na mchanga mweupe.

Mwaka 1964 Michelangelo Antonioni aliuonyesha ufukwe huu katika filamu yake Il deserto rosso. Wageni wakamiminika, na si wachache walioondoka na mchanga kwenye chupa na mifuko; waridi likaanza kufifia. Hifadhi ya Taifa ya La Maddalena ilianzishwa mwaka 1994, na kufungwa kwa ufukwe ndiko kulikouokoa. Mauro Morandi, mlinzi wa kisiwa aliyefika mwaka 1989, aliishi hapa peke yake hadi 2021.

Boti za matembezi ya siku moja kutoka La Maddalena na Palau hupita nje ya maboya. Ni marufuku kukanyaga mchanga huu. Anayechukua mchanga popote Sardinia hutozwa faini ya euro 500 hadi 3,000. Tafadhali, tazameni mkiwa botini.