Mgomba, maharagi na mateke: nani alikaa na nani katika mashamba ya Bushi

Kila Septemba mvua inapoanza, na tena Februari, swali linalozunguka huku kando ya Ruzizi ni lile lile: nipande nini pembeni ya nini? Mwenye kipande kidogo penye jua hana nafasi ya kujaribu mara tatu. Leo tuangalie wazee wetu walilijibu vipi, na ni nani aliyewaingilia.

Kwa Bashi, swali hilo halikuanzia kwenye udongo. Lilianzia kwenye haki ya kukaa. Zamani mtu aliyepewa shamba kwa kalinzi alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa aliyeshika ardhi, na shamba likawa lake, likapita kwa watoto. Huyo alikuwa na ruhusa ya kupanda mgomba. Mwenye bwasa, aliyekodi kwa msimu kwa pombe, kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno, hakuwa nayo. Alipanda maharagi, alivuna, alirudisha shamba. Mgomba unazaa miaka mingi, kwa hiyo kuupanda ni kama kusema: sitoki hapa. Kukataza mgomba kulikuwa njia ya kukumbusha mtu kwamba ni mgeni. Ukipita leo na kuona kilima chenye migomba ya miaka na pembeni yake maharagi matupu, mara nyingi unaona mpaka wa haki kabla ya kuona mpaka wa udongo.

Ndani ya shamba la kalinzi mambo yalikuwa na utaratibu, hata kama mgeni aliona fujo. Migomba ilikaa karibu na nyumba, kwa sababu majivu, maganda na mbolea ya ng'ombe havibebwi mbali. Mateke yaliwekwa pale penye unyevu, yanavumilia kivuli. Lengalenga liliota karibu na jalala. Maharagi yalipewa nafasi kati ya migomba, pale mwanga unapopenya. Viazi vitamu na mihogo vilipelekwa mbali, kwenye jua wazi. Sababu yake ni ya kazi ya mikono: mizizi ya mgomba inakaa juu juu, na mama anayechimba viazi chini yake anaikata. Muhogo nao unakuwa mrefu, unakaa mwaka na zaidi, unamgombania mgomba jua na chakula.

Maharagi ni jirani mwema kwa sababu yanaishi na bakteria kwenye vinundu vya mizizi vinavyoshika naitrojeni ya hewani. Lakini kivuli kizito kinayapunguzia nguvu. Watafiti wa Mulungu walijaribu kupunguza majani ya mgomba ili jua lifike chini, kuona maharagi yanapata nini na ndizi zinapoteza nini. Akina mama walikuwa wakikata majani hayo tangu zamani, kwa kufunikia chungu na kwa mengine. Mimi nasema sayansi hapo ilikuwa inawafuata kwa nyuma, na si vibaya.

Kisha akaja Mzungu na mistari. Agizo la mwaka 1917, katikati ya vita kuu ya kwanza, lililazimisha watu wa Kongo kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi. Mwaka 1933 ikaja taasisi ya utafiti ya INEAC, ambayo kituo chake cha Mulungu kipo hapa kwetu, na leo tunaiita INERA. Kahawa, chai na kinkina zilichukua vilima vingi. Monitere wa kilimo alitaka shamba la zao moja, lenye mistari, kwa sababu mistari inahesabika. Shamba mchanganyiko halihesabiki kirahisi, na asiyelijua analiita uvivu. Miaka ya 1940 na 1950 ikaongezwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko, watu wakiichimba kwa amri. Kazi yenyewe ilikuwa na maana, kwani vilima vyetu vinateremka na mvua, lakini iliyoletwa kwa fimbo iliachwa na wengi mara fimbo ilipoondoka mwaka 1960. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali, lakini vijijini kalinzi na bwasa havikufutika.

Mchanganyiko wenyewe haukufa, na hata mbegu za maharagi zilibaki mchanganyiko: mama wa Kivu hakupanda aina moja, alichanganya nyekundu, nyeupe, za madoa, zinazowahi na zinazochelewa. Mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Kivu walichapisha matokeo kuhusu ugonjwa wa madoa ya majani: waliongeza mbegu sugu ndani ya mchanganyiko wa wakulima, na ugonjwa ukapungua hata kwa zile dhaifu zilizobaki. Majirani waliwakinga majirani. Wataalamu walileta pia maharagi marefu ya kupanda juu ya miti, yanayofaa kwa familia yenye kipande kidogo, mradi ipate fito.

Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, baadaye ukashuka hadi Kivu ya Kusini. Mgomba uliokatwa ulifungua jua ghafla, mateke yakakosa kivuli chake, maharagi yakapata nafasi. Familia zikalazimika kupanga upya nani akae na nani. Ushauri uliotolewa ni kung'oa mgonjwa, kupitisha kisu motoni, kuvunja ua dume kwa mkono wa mti wenye pembe mbili na siyo kwa panga, na kukaa angalau miezi sita na maharagi au mahindi kabla ya kurudisha mgomba pale ulipokufa.

Sasa kwenu mliohama, hasa tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025. Wengi wenu mnalima bwasa bila kuliita hivyo. Mwenye shamba anayekukopesha kwa msimu akikataa mgomba, hakuchukii, anafuata kawaida ya zamani. Panda vinavyoondoka na wewe: maharagi mafupi na mahindi penye jua, lengalenga pembeni, mateke penye unyevu ikiwa unakaa muda, kwa sababu hayo yanachukua miezi mingi. Usiweke viazi vitamu chini ya mgomba wa mwenyeji, hata kama kuna nafasi, atakuuliza mizizi yake. Na kama mwenyeji anakubali umtunzie migomba nawe upande maharagi chini yake, kubalianeni mbele ya wazee wawili kabla ya jembe kugusa ardhi: majani anakata nani, maharagi ni ya nani, na msimu unaisha lini.