Maziwa na samli: rangi mbili za kuta zetu

Mgeni akiingia katika nyumba za udongo huku Bule atasema kuta zote ni nyeupe. Hapana, msomaji mpendwa. Moja iko rangi ya maziwa, nyingine iko rangi ya samli. Sisi watu wa ng'ombe tunajua tofauti.

Rangi ya maziwa inatoka kwa pembe, ule udongo mweupe, pamoja na udongo wa manjano kidogo tu. Ukizidisha manjano, njo unapata samli. Manjano hiyo ni chuma iliyo ndani ya udongo. Ukiichoma sana inageuka nyekundu, sawa vile chungu. Ndiyo maana nyumba ikiteketezwa, ukuta wake unaweza kubaki mwekundu, na katika Djugu tumeona nyumba nyingi zimechomwa tangu Desemba 2017.

Watu wa pwani wanatumia chokaa. Kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2000, mawe ya matumbawe yanachomwa, na chokaa ikishapakwa inavuta kaboni ya hewa na kuwa ngumu tena kama jiwe. Pembe yetu inakauka tu. Ukiegemea ukuta, shati inachafuka! Kwa hiyo inapakwa upya, hasa mbele ya Noeli na Bonane.

Rangi za kopo zilipofika, watu walichagua krem na ivuari, na kwa maoni yangu ni maziwa na samli zilezile. Kwa mwangaza wa koroboi hazitofautiani, sababu moto wenyewe ni wa manjano. Taa nyeupe za jua njo zimezitenganisha. Nyumba ya dirisha dogo inafaa maziwa, inarudisha mwanga zaidi; palipo moshi, samli inaficha.

Watu wengi wa vijiji vyetu walikimbilia chini ya bashi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, karibu na hapa, watu kama 60 waliuawa. Mtoto aliyekulia kambini hajaona ukuta ukipakwa. Bibi anayejua shimo lenye pembe safi aulizwe sasa, na mjukuu ajaribu mwenyewe: apakae viganja viwili vya ukuta, angoje siku mbili, maana udongo mbichi unadanganya, uko mweusi zaidi. Halafu atazame asubuhi, na tena usiku kwa taa.